Drafti kwenye joto la kaskazi: kuanzia dukani, kwa fundi, mpaka kwenye kamba ya nguo

Kila ikifika Desemba, kaskazi imeshaanza kuvuma na watu wameshaanza kulalamika joto kwenye daladala, drafti zinarudi mjini. Utaziona Kariakoo zimetundikwa nje ya maduka, utaziona kwenye magauni ya ofisini, kwenye mashati ya watu wanaokwenda sendofu za mchana, na ikifika Februari kila mtu ana yake. Hapa naongelea ile drafti ya kawaida kabisa, viboksi vya rangi moja na nyeupe, wenzetu wanaiita gingham, ya buluu na nyeupe, nyeusi na nyeupe, nyekundu na nyeupe. Zile za mistari mingi za Kiskoti siyo mada, na zile shuka za Kimasai nitazigusa kidogo tu huko mbele.

Msimamo wangu ni huu: drafti ya msimu wa joto inaharibikia dukani na kwa fundi, haiharibikii kabatini. Watu wanahangaika waivalie kiatu gani, pochi gani, wakati kitambaa chenyewe ni poliesta na pale ubavuni viboksi vimepishana vidole viwili, sasa hapo hata uvae kiatu cha dhahabu kitakusaidia nini. Ndo maana hatua nyingi hapa chini zinafanyika kabla hujaivaa hiyo nguo. Na nyie mlioko Muscat au Ulaya ambako joto lenu linakuja miezi ya Juni na Julai, mambo ni yale yale, badilisheni kalenda tu.

Hatua ya 1: geuza kitambaa nyuma

Usianze na rangi, anza na upande wa nyuma. Drafti halisi haichapwi, inafumwa. Yaani nyuzi zinatiwa rangi kwanza ndo zinaingia mtamboni, za wima zinapangwa kundi la rangi kundi la nyeupe, za mlalo nazo hivyo hivyo, kwa hiyo rangi ikikatana na rangi unapata kiboksi kilichokolea, nyeupe ikikatana na nyeupe unapata cheupe, na rangi ikikatana na nyeupe unapata kile cha katikati kilichopauka. Chukua drafti nyekundu na nyeupe uisogeze karibu na jicho, utaona kuna pinki humo ndani ambayo hakuna mtu aliyeitia, ni uzi mwekundu umepita juu na uzi mweupe umepita chini, halafu jicho linachanganya lenyewe. Nyuma yake itakuwa sawasawa na mbele. Ikiwa imechapwa, nyuma kumepauka, na ukichomoa uzi mmoja pembeni utakuta una rangi vipande vipande, hapa mwekundu hapa mweupe. Uzi wa drafti iliyofumwa ukiuchomoa ni rangi moja mwanzo mwisho.

Hii siyo kujifanya tunajua vitu orijino. Drafti ya kuchapwa mara nyingi viboksi vyake vimekaa upande kidogo ukilinganisha na uzi wa kitambaa, sasa fundi akikata kwa kufuata viboksi nguo inajisokota ukishaifua, akikata kwa kufuata uzi viboksi vinaonekana vimelala. Hapo fundi hana kosa, tatizo ulilinunua mwenyewe. Dukani kunja kitambaa kwa upana, pindo kwa pindo, halafu angalia kama mstari wa mlalo umekwenda sambamba na mkunjo. Ukiona unapanda kama ngazi mrudishie muuzaji jora lake umshukuru.

Hatua ya 2: hakikisha ni pamba, na usiulize tu, pima

Ukimuuliza muuzaji atakwambia "pamba hii dada yangu, pamba tupu", hata kama ameshika mfuko wa plastiki uliofumwa. Tofauti ya pamba na poliesta kwenye joto letu siyo ya maringo. Pamba inaweza kubeba unyevu unaofika kama asilimia 8 ya uzito wake ikiwa imetulia tu hewani, poliesta haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo jasho likitoka kwenye pamba linanyonywa linasambaa linakauka, kwenye poliesta linabaki mgongoni kwako linateremka taratibu mpaka kiunoni. Na Dar mwezi wa pili nyuzijoto zinazunguka 32 na hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki haraka hapo.

Vipimo viko vya aina tatu na vyote unaweza kuvifanya umesimama dukani. Cha kwanza, kamata kitambaa kwenye ngumi ukibane kama unakamua tui, hesabu mpaka kumi, achia. Pamba inabaki na mikunjo, poliesta inarudi imenyooka kama haijaguswa. Cha pili, dondoshea tone la maji. Pamba inalinywa ingawa mpya yenye wanga inaweza kuchelewa kidogo, poliesta tone linakaa juu linakuangalia. Cha tatu ndo cha uhakika: omba uzi mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, toka nje ya duka, washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi na harufu ya plastiki. Ukipata jivu na humo ndani vipunje vigumu basi ni mchanganyiko. Choma nyuzi zote mbili kwa sababu kuna vitambaa vina pamba upande mmoja tu.

Mchanganyiko siyo dhambi. Ile tetroni ya sare za shule ina poliesta ya kutosha na ndo maana haikunjamani na inadumu miaka, mtoto anacheza nayo mpira na wiki ijayo inavaliwa tena. Ila mtoto wa shule hakai kwenye kikao cha masaa matatu umeme umekatika. Kama nguo ni ya kuvaa saa sita mchana tafuta pamba tupu, na iwe nyepesi, shika kitambaa uelekeze kwenye mwanga wa mlangoni uone nafasi ndogo ndogo kati ya nyuzi, hizo ndo madirisha yako.

Hapo hapo weka mkono wako nyuma ya kitambaa. Ukiona vidole vyako kupitia vile viboksi vyeupe, ujue utahitaji shimizi au gagulo ndani, na hilo ulijue kabla ya kulipa, usije ukaligundua umesimama kituoni jua likiwa nyuma yako.

Hatua ya 3: chagua ukubwa wa kiboksi na rangi

Kuna hatari mbili mjini na zote zinatokana na ukubwa wa kiboksi. Ya kwanza ni kufanana na mwanafunzi. Drafti ya buluu na nyeupe, kiboksi kidogo, kola nyeupe ya mviringo, mkanda wa kitambaa kiunoni, hapo umeshakuwa mtoto wa darasa la nne, na Kenya ndo balaa zaidi maana shule nyingi za msingi kule sare yao ni drafti kabisa. Ukiipenda rangi hiyo (na mimi naipenda) ondoa kola nyeupe, ondoa mkanda wa kitambaa hicho hicho, badilisha shingo iwe ya V au ya mraba, sare inakufa hapo hapo. Hatari ya pili ni kufanana na meza. Drafti nyekundu na nyeupe ya viboksi vikubwa, vya inchi moja kwenda juu, ndo vitambaa vya meza vya migahawa mingi, sasa ukiingia pale kula chipsi kuku na gauni lako unapotelea kwenye samani. Nyekundu ivae ya kiboksi kidogo, au ukitaka kikubwa nenda kwenye kijani, kahawia, njano ya haradali.

Kiboksi kidogo sana kwa mbali kinageuka rangi moja, mtu akiwa ng'ambo ya barabara anaona tu gauni la pinki mpauko. Hiyo ni nzuri kwa ofisi. Kina shida moja tu, kamera. Viboksi vidogo vidogo kwenye video vinaanza kucheza, unaona mawimbi yanatembea juu ya nguo, hiyo inatokea pale vile viboksi vinapogombana na nukta za kamera yenyewe. Watangazaji wa runinga wanalijua hilo wanaikwepa. Kwa hiyo kama nguo ni ya sendofu yenye mpiga video, au una kikao cha mtandaoni, chagua kiboksi cha kati, nusu inchi hivi, au jipige picha kwanza na simu ukiwa hatua kadhaa mbali.

Halafu yale maneno ya mnene asivae drafti, mfupi asivae drafti, achaneni nayo. Nimeona kina mama wanene wamependeza na drafti kubwa na wasichana wembamba wamepotea nayo, tofauti ilikuwa imekatwaje. Kinachomfanya mtu aonekane mpana ni mstari uliokolea uliopita pale pale palipojaa zaidi, kifuani au kwenye hipsi, na hilo ni la fundi, tunalifikia.

Kuhusu rangi na jasho. Buluu mpauko ya rangi moja tupu inaonyesha jasho vibaya sana, kijivu ndo kabisa, lakini buluu hiyo hiyo ikiwa kwenye drafti doa la kwapani linapotea kwenye fujo ya viboksi, watu hawalioni mpaka waje karibu. Kwangu mimi hii ndo sababu kubwa kuliko zote ya kuvaa drafti kwenye joto, na ajabu watu hawaisemi.

Na mtu asikwambie drafti ni mambo ya wazungu. Wafumaji wa Manchester walianza kuitoa kwa wingi karne ya 18 ni kweli, na yule mwigizaji wa sinema wa Kifaransa, Brigitte Bardot, alipoolewa Ufaransa mwaka 1959 alivaa gauni la drafti ya pinki badala ya shela, likafanya wasichana wa nchi nzima waitafute. Lakini pwani yetu hii, karne ya 19, misafara iliyokuwa inatoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba vitambaa kutoka Muscat, kulikuwa na debwani, drafti ndogo ya buluu na nyeupe yenye utepe mwekundu, kulikuwa na sohari, nayo buluu na nyeupe na pindo jekundu pana. Vilikuwa vitambaa vya heshima, siyo vya kila mtu. Na mpaka leo angalia ile misuli wanayojifunga kiunoni wazee wa Tanga, Lamu, Unguja, mingapi ni drafti? Mingi tu.

Hatua ya 4: nunua cha kutosha, halafu kiroweke

Drafti inakula kitambaa kuliko kitenge au kitambaa cha rangi moja, kwa sababu fundi anasogeza vipande mpaka mistari ikutane, na anaposogeza anaacha vipande visivyotumika. Kama fundi amekwambia gauni linataka mita tatu, kwa kiboksi kidogo ongeza kidogo tu juu ya hizo tatu, kwa kiboksi kikubwa ongeza nusu mita nzima, na kama unataka vitu vikatwe mshazari ongeza tena kidogo. Uliza na upana, maana kuna jora za inchi 45 na za inchi 60 na hesabu zinabadilika kabisa.

Ukifika nyumbani usikimbilie kwa fundi. Pamba inarudi, yaani inasinyaa ikishaingia maji. Iroweke kwenye maji ya kawaida usiku mzima, ianike bila kuikamua kwa kuisokota, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo. Hapo hapo unapima na rangi: kabla ya kuroweka chukua tishu nyeupe uilowanishe, sugua kwenye kiboksi kilichokolea. Tishu ikitoka na rangi kitambaa kinachuja, na kwenye drafti kuchuja ni msiba maana nyeupe ipo pale pale jirani, nyekundu ikichuja mara moja tu nguo nzima inakuwa pinki. Kinachochuja kidogo kinaweza kutulia baada ya kusuuzwa mara kadhaa maji yakatoka safi. Kinachochuja sana kirudishe. Ile habari ya kuweka chumvi au siki ili rangi ishike kwa kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani usiitegemee, chumvi ina kazi yake pale mtu anapotia rangi, siyo baadaye.

Hatua ya 5: kwa fundi, hapa tulia

Hii ndo hatua yenyewe. Fundi mzuri wa kitenge siyo lazima awe fundi mzuri wa drafti, kitenge maua yake yanasamehe, drafti haisamehi kitu. Kabla ya kumpa kitambaa muombe akuonyeshe shati lolote la drafti au la mistari aliloshona, halafu usiangalie mbele, angalia ubavuni chini ya kwapa na angalia mfuko wa kifuani. Mfuko ukiwa umepotea, yaani mpaka uutafute kwa kidole, huyo ndiye. Ukiuona mfuko kutoka mlangoni, msalimie uondoke.

Utamwambia "fundi nataka viboksi vikutane hapa pembeni", atakujibu "usijali dada, vitakutana". Usiishie hapo. Mwambie kwa vitendo. Mwambie asikunje kitambaa mara mbili akakata pamoja, maana ule upande wa chini unateleza, akate kipande kimoja, akigeuze, akilaze juu ya kitambaa kilichobaki kiboksi juu ya kiboksi, ndo akate cha pili. Mwambie abane na pini kwenye kila mstari kabla ya kupitisha cherehani, maana cherehani lenyewe linasukuma kitambaa cha juu na kukivuta cha chini, unaanza vimekutana unafika mwisho vimepishana.

Halafu mkubaliane sehemu gani lazima zikutane, maana zote haziwezekani. Kwenye gauni: ubavuni kote kuanzia kiunoni kwenda chini, katikati ya mgongo kwenye zipu, na mbele kama kuna vifungo. Kwenye shati: mbele pale vifungo vinapopandana, mfuko, na zile ncha mbili za kola, kulia na kushoto ziwe sawa kama kioo, ukikuta kola moja imeishia kwenye kiboksi cheupe na nyingine kwenye cheusi shati zima linaonekana limechoka. Mkono, mistari ya mlalo iwe inaendelea kutoka kifuani kwenda mkononi ukisimama umeshusha mikono. Pale juu begani penye mviringo haitakutana, na ubavuni juu ya ule mkunjo wa kubana kifua nako haitakutana, usimsumbue fundi wa watu kwa hilo.

Ile ya mstari kwenye kifua: vaa au jizungushie kitambaa mbele ya kioo, fundi aweke alama ya chaki pale kifua kilipojaa zaidi, halafu apange mstari wa mlalo uliokolea usipite hapo, upite juu kidogo au chini kidogo. Kwenye hipsi vivyo hivyo. Pindo la chini, kama sketi ni ya marinda yaliyonyooka, liishie mwisho wa kiboksi kizima, usikate kiboksi katikati. Kama sketi imekatwa duara sahau, pindo litapita popote, na viboksi vyako vitakuwa vimesimama wima mbele halafu pembeni vinalala mshazari, ambayo mimi naiona nzuri kabisa ukitembea.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi wa zamani ambao nashangaa unapotea. Sehemu ambayo ni ngumu kulinganisha, usilinganishe, ikate mshazari. Mfuko, mkanda, kile kipande cha mgongoni juu ya mabega, ule ukanda wa vifungo, vikikatwa mshazari viboksi vinasimama kwa ncha, inaonekana imekusudiwa na hakuna mtu atakayetafuta kama vimekutana. Kitu kilichokatwa mshazari kinavutika, kwa hiyo atie kitambaa kigumu cha kuimarisha kwa nyuma.

Mengine ya joto myaseme hapo hapo. Kwapa liwe na nafasi, drafti ya pamba haivutiki, ikibana kwapani inachanika na inatunza jasho. Bitana usiweke, na kama lazima iwe basi pamba nyepesi nyeupe, maana kuna watu wanahangaika kutafuta pamba nje halafu ndani wanawekewa ile bitana inayong'aa ya poliesta, umerudi pale pale. Mfuko wa pembeni kwenye gauni, weka, hauongezi joto.

Atakutajia bei kubwa kuliko ya kitenge. Mlipe. Kulinganisha viboksi kunachukua muda wa kukata mara mbili ya kawaida. Na usimpelekee tarehe 18 Desemba ukitaka ya Krismasi, wala siku tatu kabla ya Idi, wakati huo hata fundi mwenye mkono mzuri anakata akiwa amekunja kitambaa. Novemba ndo wakati.

Kwa asiye na muda wa fundi: mitumba

Mashati ya drafti ya kiume ni moja ya vitu vinavyopatikana kwa urahisi kwenye mitumba, nenda Karume Dar, Gikomba Nairobi, Kongowea Mombasa, nenda asubuhi belo linapofunguliwa. Soma lebo ya ubavuni ndani au ya shingoni, tafuta 100% cotton, halafu angalia kola upande wa ndani, kwapani, na mwisho wa mikono, huko ndo shati linazeekea. Uzuri wa hizi ni kwamba limeshafuliwa mara nyingi, kama lilikuwa la kuchuja limeshamaliza na kama la kurudi limesharudi. Shati kubwa la kiume kwa mdada ni gauni la ufukweni, au ni la kufunga fundo kiunoni juu ya sketi ndefu, au unampelekea fundi akate kola na mikono inabaki blauzi. Linavyokaa mabegani usilihangaikie kama unalivaa wazi kama koti jepesi, lakini kama unalivaa la kufunga vifungo, mshono wa bega ukishuka mpaka katikati ya mkono liache.

Hatua ya 6: sasa vaa

Hii fupi. Drafti moja kwa wakati mmoja. Ukivaa gauni la drafti kila kingine kiwe cha rangi moja, ukivaa blauzi ya drafti chini weka nyeupe, jinzi nyepesi, kaki, au rangi ile ile iliyoko kwenye kiboksi. Kinachokosekana mara nyingi ni kurudia ile rangi mahali pamoja padogo, hereni, mkanda wa saa, kipochi, inatosha, usirudie mpaka kwenye viatu na lipstiki na kucha.

Miguuni makobazi ya ngozi au raba nyeupe ndo vinakwenda na pamba. Skuna inawezekana ila iwe ya wazi, drafti na kiatu kizito cheusi kilichofungwa ni rahisi kurudi kule kwenye sare ya shule. Kwa wanaojistiri, mtandio wa rangi moja wa pamba au wa voile, na chukua rangi ya kile kiboksi cha katikati kilichopauka, siyo kilichokolea, uso unang'aa zaidi. Dera la drafti nalo lipo siku hizi, zuri nyumbani na sokoni, kwenye shughuli lipe shingo iliyonakshiwa kidogo.

Wanaume. Shati la drafti la mikono mifupi likae nje ya suruali na pindo liishie kama katikati ya zipu, refu zaidi ya hapo linakuwa kanzu iliyokatishwa. La mikono mirefu likunje mikono mpaka chini kidogo ya kiwiko. Suruali ya kaki, ya buluu iliyoiva, au pensi ya rangi moja kama ni Jumapili. Ofisini penye tai, drafti iwe ndogo sana na tai ya rangi moja, na suti juu yake usiweke yenye mistari. Na wazee wangu wa pwani, msuli wa drafti na shati la drafti pamoja hapana, chagueni kimoja, msuli ukiwa na drafti juu weka fulana nyeupe.

Kuchanganya na kitenge inawezekana, watu wanaogopa bure. Sharti ni rangi moja iwe ya pamoja na kimoja kiwe kidogo, kwa mfano sketi ya kitenge yenye maua makubwa ya buluu na blauzi ya drafti ndogo ya buluu. Drafti kubwa na maua makubwa zinapigana. Shuka ya Kimasai ni suala jingine, nyingi zinazouzwa sasa ni za akriliki, nzito na za joto, ni za Arusha asubuhi na za usiku wa Makete, ukijifunika nayo Dar saa saba mchana shauri yako. Itundike begani jioni upepo ukianza, na siyo juu ya gauni la drafti.

Hatua ya 7: fua isipoteze nyeupe yake

Mara ya kwanza ifue peke yake. Baada ya hapo maji ya baridi, geuza ndani nje, sabuni isiyo na nguvu sana, na usiiache imeloweka saa nzima ndani ya beseni na jinzi mpya. Jiki usitumie hata kama nyeupe imeanza kufifia, inakula rangi ya viboksi vyote, utabaki na kitu cha njano njano. Kola na kwapani paka sabuni ya mche kwanza, sugua kwa mkono, acha dakika kumi, halafu fua. Doa la jasho la siku nyingi lililoganda ni gumu kulitoa kwenye kile kiboksi cheupe, kwa hiyo nguo uliyotoka nayo jasho usiirudishe kabatini "nitaivaa tena kesho", isuuze hata kama huna muda wa kuifua.

Anika kivulini penye upepo, kaskazi itaikausha haraka tu, jua kali la mchana linapausha kiboksi kilichokolea na upande ulioangalia jua unatofautiana na mwingine. Itundike kwa pindo la chini, siyo kwa mabega. Pasi ipige ikiwa bado na unyevu, na upeleke pasi kwa kufuata mistari, wima halafu mlalo, usizungushe zungushe wala usisukume mshazari, maana ukisukuma mshazari kitambaa kinavutika na vile viboksi ulivyomlipa fundi avinyooshe vinaanza kulala. Ikishapoa itundike kwenye henga ya mbao au ya plastiki nene, hizi za waya zinaacha nundu begani na kwenye drafti nundu inaonekana maana mstari unapinda.